Sungura Aliyepakwa Jivu la Msiba

Hodi, hodi, nina hadithi!

*Ilete, tumeiachia kigoda!*

Imetoka milimani, imelowa!

*Iote moto, kisha iseme!*

Basi inaota. Sogezeni miguu, ipate nafasi.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakinyamaza kuwasikiliza, palikuwa na nchi ya milima. Ukungu wa nchi hiyo ulishuka asubuhi mpaka vizingitini, ukaondoka ulipopenda wenyewe. Katika nchi hiyo homa ilimchukua mwanamke mmoja, jina lake Gwantwa.

Siku ya maziko yake walikuwapo hawa. Alikuwapo Ambokile, mumewe, ameshika kofia mkononi kutwa nzima bila kujua kwamba ameishika. Alikuwapo Tusekile, binti yao, aliyekuwa bado hawezi kubeba ndoo iliyojaa. Alikuwapo Lusajo, mtoto mchanga, mikononi mwa jirani yao Mama Atupele. Mama Atupele alikuwa na wake wa kunyonyesha, lakini siku hiyo alimnyonyesha Lusajo kwanza. Alikuwapo Shangazi Subilaga, dada yake Ambokile, aliyekuja kutoka ng'ambo ya kijito na kuni kichwani ili asiwe mzigo kwa wafiwa. Walikuwapo majirani wa upande huu na upande ule. Na alikuwapo Ukungu.

Ukungu huyu si ule wa vizingitini. Ukungu huyu ni sungura.

Msicheke bado! Huyu si yule sungura mnayemjua, mwenye kuwadanganya fisi na simba. Huyu hakumdanganya mtu. Manyoya yake yalikuwa marefu mpaka yakamfunika macho, sasa angemwona nani amdanganye? Yalikuwa meupe, mororo, yamemzunguka mwili mzima hata ukimtazama hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Watoto wa majirani walimpelekea majani mara nyingi upande wa mkia.

Gwantwa alimpenda sana mnyama huyu. Alimjengea banda chini ya upenu, pasipofika mvua. Asubuhi alimpa majani makavu ya mlimani, akambadilishia maji, akamtandikia upya. Jioni alimpakata, akachukua chanuo la mti la nyumba ile, akamchana. Mkono mmoja ulishika manyoya karibu na ngozi, ili yasivutike. Mkono wa pili ulichana. Na alipochana aliimba:

*Tulia, mweupe wangu, tulia,*
*mkono huu unashika,*
*mkono huu unachana,*
*asiyeumizwa hakimbii.*

Akimaliza Ukungu, anamwita Tusekile. Mtoto anakaa palepale alipokuwa amekaa sungura, pangali pana joto, naye anachanwa na kusukwa.

Sasa Gwantwa hayupo.

Sikilizeni mila ya nchi ile. Mtu akifiwa hachani nywele. Siku ya maziko shangazi wa ukoo huwapaka wafiwa jivu kwenye paji la uso. Kisha hulifunga chanuo la nyumba kwa kamba ya mgomba, akalitundika darini jikoni. Nywele za wafiwa zinasokotana, na kila anayewatazama anajua: hawa bado wanalia, wasemeshe polepole. Ikifika siku ya kuanua matanga, shangazi yuleyule hulifungua chanuo, akawachana mmoja mmoja. Lakini mtu hachanwi kwa nguvu. Akibaki mfiwa mmoja tu anayesema "bado," chanuo hurudi darini, na nyumba nzima inamngoja.

Basi Shangazi Subilaga alisimama uwanjani na jivu lake.

"Nani amefiwa hapa?"

"Mimi," akasema Ambokile. Akapakwa.

"Nani mwingine?"

Mama Atupele akamsogeza Lusajo. Lusajo akapakwa, akapiga chafya.

"Nani mwingine?"

Akaja Tusekile amekumbatia sungura. "Mimi na huyu."

Watu wakacheka puani. Jirani mmoja akasema, "We mtoto, sungura ana matanga? Huyo mahali pake kwenye sufuria!"

Shangazi hakucheka. Aliinama akamuuliza Tusekile, "Nani alimlisha mnyama huyu?"

"Mama."

"Nani alimchana?"

"Mama."

"Nani alimwita kwa jina lake?"

"Mama."

"Basi amefiwa," akasema Shangazi. Akayapekua manyoya mpaka akaliona paji la uso, akampaka Ukungu jivu. Tusekile akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wanangu, hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa wema. Maana mwenye jivu hachanwi.

Tusekile alishika kazi ya mama yake. Alileta majani makavu, akabadilisha maji, akatandika banda upya. Alifanya yote. Ila chanuo lilikuwa darini, naye hakulitazama hata kwa jicho moja.

Manyoya marefu hayana subira. Yalianza kushikana nyuma ya masikio, yakafanya fundo. Asubuhi moja Ukungu akainua kichwa, akasema:

"Binti Gwantwa, nichane."

Tusekile hakushangaa. Zamani zile nani angeshangaa? Akajibu, "Siwezi, Ukungu. Una matanga. Hata mimi sichanwi, tazama kichwa changu."

"Kichwa chako hakikuvuti ngozi. Changu kinanivuta."

"Vumilia."

Akavumilia.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Shangazi Subilaga akavuka kijito, akafungua chanuo, akakaa kwenye kigoda.

"Njoo, mwanangu. Baba yako amekupisha uanze wewe."

Tusekile akashika kichwa chake kwa mikono miwili. "Bado, Shangazi."

"Bado nini?"

"Nywele hizi mara ya mwisho alizisuka Mama. Mistari hii ni ya mkono wake. Chanuo likipita, mkono wake utakuwa umefutika."

Shangazi akaliweka chanuo mapajani. Akamtazama kaka yake. Ambokile akasema, "Tumngoje." Chanuo likarudi darini. Shangazi akawapikia viazi kabla hajaondoka, na kile kikubwa akamwekea Tusekile.

Kila asubuhi, kabla hajafungua banda, Tusekile alipitisha kidole juu ya mistari ya nywele zake, taratibu, kama anayefuata njia ya kwenda mahali. Mistari ilikuwa inafifia. Nywele mpya zilikuwa zinaota katikati ya njia. Alizikasirikia nywele hizo. Akaacha hata kulala chali, asiisugue mistari kwenye mto.

Mafundo ya Ukungu yakashuka kwapani. Sungura akawa haruki tena, anatambaa.

"Binti Gwantwa, nichane. Miguu yangu imeshonwa."

"Una matanga, Ukungu. Lakini ngoja, nitakutafutia dawa isiyo chanuo."

Akaenda malishoni, akamkuta Kondoo.

"Shikamoo, Kondoo."

"Marahaba, mwana wa Gwantwa. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Wewe una manyoya mengi na huna chanuo. Unafanyaje?"

"Meee! Mimi nanyeshewa na mvua, nakauka, nimemaliza. Mloweshe huyo."

Tusekile akarudi, akamlowesha Ukungu. Lo! Mafundo yakakaza, yakawa kama mkeka. Sungura akatetemeka meno yakagongana. Tusekile akamtia ndani ya gauni lake kifuani, akakaa naye karibu na moto mpaka akapata joto. Dawa ya Kondoo ni ya Kondoo.

Akaenda msituni, akamkuta Mbega juu ya mti, amevaa lile joho lake la manyoya meupe mabegani.

"Shikamoo, Mbega."

"Marahaba, mwana wa Gwantwa. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Wewe una manyoya marefu na huna chanuo. Unafanyaje?"

"Sisi tuna vidole, na tuna wenzetu. Huyu ananichambua mgongo, mimi namchambua yule. Na wewe, nani anakuchambua?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyejitolea, au kuna aliyejitolea ukamkataa?"

Tusekile akageuza njia. Akarudi nyumbani, akatumia vidole. Mila haikukataza vidole. Fundo moja likafunguka, la pili likafunguka nusu, mengine yakamshinda. Na manyoya yaliyong'oka, Ukungu akawa anayaramba na kuyameza, maana sungura akijiramba hajui kutema.

Akaenda kwenye mapango, akamkuta Nungunungu.

"Shikamoo, Nungunungu."

"Marahaba, mwana wa Gwantwa. Pole na msiba. Usinisogelee sana, nitakuumiza bila kutaka."

"Nimeshapoa. Nisaidie na wewe."

"Mimi kila unywele wangu ni jino la chanuo. Chukua mmoja."

Akauchukua mwiba mmoja, akarudi, akauingiza kwenye fundo. Ukungu akapiga ukelele. Ngozi ya sungura ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na juu ya manyoya meupe likatokea tone jekundu. Tusekile akautupa mwiba mbali, akalia.

Shangazi Subilaga akaja mara ya pili. Akafungua chanuo, akakaa kwenye kigoda.

"Njoo, mwanangu."

"Bado, Shangazi."

Wakati huo nywele za Ambokile zilikuwa zimesimama kama kichaka. Wenzake wa shambani walimtania, "Ambokile, angalia, kunguru watakuja kutaga humo!"

Naye aliwajibu, "Wakitaga nitawalea. Binti yangu hajawa tayari."

Hakumwambia Tusekile habari ya utani huo hata siku moja. Mama Atupele ndiye aliyeusikia, naye aliufunga mdomo wake.

Chanuo likarudi darini.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Tusekile alifungua banda, akayakuta majani ya jana yamelala kama alivyoyaweka. Maji hayakupungua. Kinyesi kilikuwa kidogo sana, tena vidonge vimeunganishwa kwa unywele kama shanga katika uzi. Ukungu amejikunja pembeni, tumbo limekuwa gumu kama boga.

"Ukungu! Kula!"

"Siwezi, binti Gwantwa. Tumboni mlango umefungwa. Nilipojiramba nilimeza manyoya, na manyoya yamejaa njiani." Sauti yake ilikuwa ndogo, unainamia ndipo unaisikia. "Nilikuita mara ya kwanza, ukasema nivumilie. Nilikuita mara ya pili, ukanitafutia dawa. Hii ndiyo mara ya tatu. Baada ya hii sitakuita."

"Usiseme hivyo! Ukiondoka na wewe, nani atabaki aliyepakatwa na Mama?"

"Ndiyo maana nakuita."

Tusekile akaweka uso wake juu ya manyoya yale yaliyoshikana. Yalikuwa na harufu ya majani makavu.

"Naogopa," akasema. "Nikichanwa nitakuwa nimemaliza kulia. Na nikimaliza kulia, yeye atakuwa ameondoka kweli."

Sungura akapumua, akapumua tena.

"Nikwambie jambo usilolijua. Ule wimbo wa mama yako, unadhani aliutunga? Aliimbiwa na mama yake, siku za utoto wake, huyo bibi yako ambaye hukuwahi kumwona. Kila jioni aliponichana alimkumbuka mamaye. Nilikuwa mapajani, ninajua. Mara nyingine tone lilianguka hapa, mgongoni kwangu, la moto. Mkono haukusimama. Alichana huku akilia, alilia huku akichana. Hakumaliza kulia, Tusekile. Wala hakuacha kuchana."

Tusekile akainua uso.

Akatoka mbio. Alipita shamba la viazi, akapita migomba, akafika kando ya kijito, na kijito kilikuwa kimejaa. Akaita:

"Shangazi!"

Maji yakajibu.

"Shangazi Subilaga!"

Maji yakajibu.

"Shangazi, njoo na mikono yako! Nimekubali!"

Ng'ambo ya pili mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa anapepeta maharage, akaacha ungo palepale kuku wakala walichokula. Akavuka maji yakiwa mapajani, kanga imefungwa kichwani. Hakuuliza "mbona umechelewa?" Hakusema "si nilikwambia?" Alisema, "Twende, mwanangu, nishike mkono, pana utelezi."

Walipofika, Ambokile, aliyeusikia mwito ule, alikuwa ameshalishusha chanuo kutoka darini. Shangazi akafungua kamba ya mgomba.

"Mila inasema nianze na mfiwa mkubwa," akasema.

"Mkubwa nimekaa hapa sina haraka," akasema Ambokile.

Shangazi akamtazama sungura. "Na mimi naona mfiwa mkubwa ni yule anayeumwa." Akalifuta jivu lililokuwa limebaki kwenye paji la Ukungu. Kisha akampa Tusekile chanuo.

"Shangazi, wewe ndiye unayechana."

"Mimi nachana watu. Sungura sijui hata pa kuanzia. Wewe ulikuwa unamtazama mama yako kila jioni. Mimi nitakusaidia kushika, wewe nionyeshe."

Tusekile akakaa, akampakata Ukungu. Mkono wake mmoja ukashika manyoya karibu na ngozi. Mkono wa pili ukachana. Alianzia kwenye ncha za manyoya, akashuka kidogo kidogo kuelekea kwenye shina, kama alivyofanya mama yake. Akachana huku akiimba:

*Tulia, mweupe wangu, tulia,*
*mkono huu unashika,*
*mkono huu unachana,*
*asiyeumizwa hakimbii.*

Fundo lililokubali, lilifunguka. Fundo lililokataa, Shangazi alilikata kwa mkasi, taratibu, na Tusekile aliliweka chanuo kati ya mkasi na ngozi ili mkasi usipotee njia. Manyoya yakalundikana chini mpaka Lusajo akadhani amezaliwa sungura mwingine, akayatambalia.

Walipomaliza, Ukungu alikuwa mdogo, ana mabaka, anachekesha. Macho yake yalionekana mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Tusekile akamsugua tumbo kwa kiganja chenye joto, akamnywesha maji tone kwa tone, akamwekea majani makavu puani. Hakula. Ambokile akakaa nao. Mama Atupele akaja na uji, akakaa nao. Ukungu wa mlimani ukashuka, ukatazama mlangoni, ukaondoka. Sungura hakula.

Jua lilipokaribia kilima, sungura akasimama kwa miguu yake minne. Akatulia. Akafikiri. Halafu pale pale, mbele ya watu wazima wote, akanya.

"Mungu ashukuriwe!" akapaza sauti Shangazi Subilaga.

Wanangu, msizibe pua. Sijapata kusikia nyumba iliyofurahia kinyesi kama ile. Ambokile alicheka, na tangu maziko hakuwa amecheka. Ukungu akageuka, akachukua jani moja, akalitafuna. Akachukua la pili.

Tangu hapo sungura huyo hakusema tena kwa maneno. Alikuwa amesema aliyokuwa nayo.

Shangazi akamchana Ambokile, na meno mawili ya chanuo yakavunjika. Akamchana Lusajo, ambaye hakuwa na nywele za kujaza kiganja. Mwisho Tusekile akaja mwenyewe, akakaa miguuni pa Shangazi, akainamisha kichwa.

"Polepole," akasema.

"Polepole," akasema Shangazi.

Tusekile akapitisha kidole kwenye mistari yake mara moja. Kisha chanuo likapita. Mistari ikaondoka, mmoja, na mwingine, na wa mwisho. Ulipoondoka ule wa mwisho Tusekile akaita, "Mama!" Akaita kwa sauti, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.

Hakuna aliyeitika. Shangazi Subilaga hakumwambia nyamaza. Ambokile hakumwambia nyamaza. Mkono uliendelea kuchana, na mtoto aliendelea kulia, mpaka nywele zote zikawa laini.

Hadithi yangu inasema hivi: anayemkumbuka aliyeondoka amtunze aliyeachwa. Machozi hayazuii mkono kufanya kazi, na kazi haifuti machozi. Na wewe unayengojwa na nyumba nzima, usidhani hawajachoka. Wamechoka, ila wanakupenda.

Na yale maharage ya Shangazi, mkiwaona kuku wa ng'ambo ile wamenenepa, msiwaulize.

Nimefika mwisho wa njia, mzigo nimeutua. Mwenye nguvu aubebe, mwenye usingizi auegemee.

Ukungu, mnauliza? Aliishi masika mengine mengi. Alikufa kwa uzee, mchana wa jua, Tusekile akiwa shambani anapanda viazi.